Ndama wa Zizi la Mbele: Maisha ya Dada Yetu, Mama Pua

Ndugu, jamaa, majirani, na watumishi wa kituo cha utafiti wa mifugo mliokuja na basi lenu: asanteni kwa kufika. Wasifu huu unasomwa na mdogo wake marehemu, ambaye aliuandika kwa kuagizwa. Mdogo huyo amezunguka sana, na katika kuzunguka amesimama kwenye makaburi ya watu na kusikia maisha ya wafu yakisomwa kwa lugha sita. Katika lugha zote sita hajasikia marehemu aliyewahi kumwonea mtu wivu. Wote walipenda watu, walipenda kazi, wakaondoka. Dada alilijua hilo, akaagiza wake usiwe hivyo. “Weka tarehe kila mahali,” alisema. “Na ukifika kwenye wivu, usipite mbio.”

Aliyeonewa wivu huo ni mwenzake wa maabara, ambaye wengi wenu mnamjua kwa jina la Bi Sindano. Kuna jambo ambalo Dada alitakiwa kulitamka mbele yake na mbele ya watu, kwa mdomo wake mwenyewe. Zilimpungukia siku sita. Leo litatamkwa kwa mdomo wa kuazima, lakini kwanza tuanze alikoanzia.

Marehemu alizaliwa Ijumaa tarehe 14 Machi 1958, saa mbili asubuhi, katika nyumba ya vyumba vitatu iliyokuwa nyuma ya kituo cha kukusanyia maziwa. Baba yetu alikuwa karani wa kituo hicho. Alipokea makopo ya wafugaji, akatumbukiza kipimo chake cha kioo kuona kama kuna aliyeongeza maji, kisha akaandika. Mama yetu alikuwa mshonaji wa sare za shule. Dada alikuwa mtoto wao wa kwanza, na kwa miaka minne alikuwa mtoto peke yake, cheo alichokipenda kuliko vyote alivyopata baadaye. Alipozaliwa mdogo wake mwaka 1962, alikwenda uani, akachukua kopo tupu la maziwa lililokaribia kimo chake, akalibiringisha mpaka mlangoni mwa chumba cha Mama. Kisha akamwita dereva wa lori.

“Mpeleke huyu na maziwa.”

“Nimpeleke wapi, mwanangu?”

“Kokote. Mradi kopo lirudi tupu.”

Dereva aliishi na habari hiyo miaka kumi. Kila alipomkuta yule mdogo uani alishusha kioo na kupiga kelele, “We bado upo? Mimi nilijua umeshakuwa siagi!”

Marehemu alianza shule ya msingi Januari 1965. Kwa miaka saba, katika mitihani kumi na minne ya mwisho wa muhula, alishika nafasi ya pili mara kumi na tatu. Nafasi ya kwanza ilikuwa na mwenyewe, binti wa mwalimu mkuu, na Dada aliweza kukuambia binti huyo alivaa soksi gani siku gani. Ile mara moja alipokuwa wa kwanza, alikuja nyumbani na ripoti, akamkabidhi Baba, na kabla Baba hajaifungua akasema, “Lakini yule alikuwa anaumwa surua.” Mama alipenda kusema kwamba siku hiyo ndiyo alimjua mwanawe: ana wivu, ila hawezi kukaa na uongo kutoka mlangoni mpaka mezani. Kuhusu hilo la pili Mama alikosea, kama mtakavyosikia. Baada ya sekondari, marehemu alijiunga na chuo cha mifugo mwaka 1978, akamaliza mwaka 1980 na stashahada ya maabara. Alikuwa wa pili.

Jumatatu tarehe 2 Februari 1981 aliajiriwa na kituo cha utafiti. Wasichana wawili waliajiriwa siku hiyo, wakapewa benchi moja, katika chumba chenye beseni linalovuja na dirisha linalotazama mazizi. Yule wa pili ndiye Bi Sindano. Jina hilo alilipata ndani ya wiki. Alikuwa akimshika ng'ombe shingoni, anapapasa kidogo, anachoma mara moja, damu inakuja. Ng'ombe anageuka kumtazama kama anayeuliza, ndiyo hivyo tu? Dada alichoma mara tatu, mara nyingine nne. Ilifika mahali ng'ombe wakisikia buti zake wanahamia kona ya pili ya zizi.

Hilo la sindano angelivumilia. Lililomshinda ni chai. Saa nne asubuhi watu kumi na mmoja wa kituo walikaa kwenye meza moja ndefu, na Bi Sindano akifungua mdomo, wanacheka. Hata mkuu wa kituo, mtu aliyecheka kwa ratiba, alikuwa akifuta macho. Dada alikuwa na maneno yake mazuri tu, sisi wa nyumbani tunayajua. Lakini akiyafikisha pale mezani yalikuwa yamepoa.

Tunajua haya kwa sababu ya barua zake. Mdogo wake wakati huo alikuwa ameshaanza safari zake, analala katika vyumba vya kupanga katika miji ambayo hakujua kuomba maji kwa lugha ya huko. Barua za Dada zilikuwa kurasa nne. Mstari mmoja uliuliza habari za afya yake. Kurasa tatu na nusu zilikuwa Bi Sindano: Bi Sindano kasema, Bi Sindano kavaa, Bi Sindano kachoma mara moja tena. Mdogo wake huyo aliondoka nyumbani akitumaini ataacha pengo. Barua zikamjulisha kwamba pengo limeshakaliwa, na aliyelikaa ana mkono mwepesi. Alimchukia Bi Sindano miaka miwili kabla ya kumwona.

Marehemu alifunga ndoa Jumamosi tarehe 17 Desemba 1983 na fundi wa majokofu, shemeji yetu aliyekaa pale mbele. Walikutana mwaka 1982 alipoitwa kutengeneza jokofu la sampuli. Alikuja mara tano. Mara tatu za kwanza jokofu lilikuwa bovu kweli. Mara hiyo ya tatu fundi alimwomba Bi Sindano maji ya kunywa, na Dada aliona. Ya nne, Dada alichomoa waya mwenyewe. Kabla ya kuuchomoa alihamisha sampuli zote kwenye ndoo ya barafu, maana hata akiwa na wivu alikuwa mtu wa kazi. Fundi alipofika aliutazama waya ulivyolala sakafuni, akamtazama Dada, akasema, “Huu ugonjwa wa jokofu nimeujua. Dawa yake nije Jumapili.”

Bi Sindano ndiye aliyemsimamia bibi harusi. Kwenye picha ile kubwa ya sebuleni kila mtu anacheka, kwa sababu alikuwa ametoka kusema kitu, na bibi harusi peke yake anamwangalia msimamizi wake kwa jicho la pembeni. Mtakaofika nyumbani mtaiona.

Ndoa hiyo ilikuwa ya upendo na haikukosa wivu wake yenyewe. Mume alilalamika kwa shemeji yake: “Shemeji, mke wangu anarudi saa kumi na mbili ananukia pumzi ya ndama. Angekuwa ananukia mwanamume, ningejua pa kwenda kupigana. Ndama nitamfanya nini?” Walijaliwa watoto wawili, binti mwaka 1985 na mvulana mwaka 1990.

Sasa tuseme kazi aliyoifanya, na tuiseme kwa namna ambayo hata sisi tusiokuwa na koti jeupe tutaielewa. Kituo kilikuwa kikipambana na virusi vya mafua ya ng'ombe, vinavyoingia puani, vinateremka kwenye koo na mapafu, na kumaliza ndama. Kila mtu alipima damu. Damu ikiwa na kingamwili nyingi, yaani askari wa mwili dhidi ya kirusi hicho, waliandika kwamba ndama yuko salama. Mwaka 1984 mafua yalipita, na baadhi ya ndama wenye damu iliyojaa askari wakaugua, na baadhi ya wenye damu isiyokuwa na kitu wakabaki wanaruka. Wakubwa walikuna vichwa. Siku moja kwenye chai Bi Sindano akasema, “Mwizi anapita mlangoni, sisi tunahesabu walinzi chumbani. Si tukatazame mlangoni?” Watu wakacheka. Hapo hapo mkuu wa kituo akaacha kucheka, akaomba karatasi.

Wazo lilikuwa hilo: kwamba pua ina kinga yake, inayotengenezwa pale pale inaposhambuliwa, na damu inaweza isijue habari. Chanjo ikidondoshwa puani badala ya kuchomwa shingoni, pua itajifunza kujilinda. Ushahidi wake utakuwa kwenye kamasi.

Jaribio lilianza Jumanne tarehe 8 Aprili 1986. Ndama ishirini, wote wakadondoshewa chanjo puani. Kumi waliwekwa zizi la mbele, karibu na geti, chini ya Bi Sindano. Kumi waliwekwa zizi la nyuma, karibu na shimo la samadi, chini ya Dada. Kila Jumanne saa mbili asubuhi, kwa wiki nane, kila mmoja alichukua kijiti cha pamba, akakiingiza puani mwa ndama, akakizungusha, akakiweka kwenye chupa ndogo yenye namba. Dada hakupenda kupewa zizi la nyuma. Aliandika kwenye barua, “Yeye kapewa wanaoonekana.”

Jumanne ya tatu, tarehe 22 Aprili, mume wake alikuwa na kazi ya asubuhi upande ule, akampakia kwenye pikipiki, wakafika saa kumi na mbili na nusu. Bi Sindano hakuwa amefika. Yeye alikuja na basi la kituo la saa mbili kasoro. Dada akapita geti, akamkuta mhudumu wa mazizi, tuliyemwita Baba Ndama, amechuchumaa katikati ya ndama wa zizi la mbele na ndoo ya maji ya vuguvugu yenye chumvi. Anawaosha pua. Mmoja mmoja, kwa kitambaa safi, ndani na nje, na kuwasemesha.

“Unafanya nini, Baba Ndama?”

“Nawaosha, mama. Tangu wadondoshewe ile dawa yenu makamasi hayakauki.”

“Unawaosha kila siku?”

“Jumanne tu. Jumanne wageni wanapita hapa getini. Mkuu kasema kituo kionekane. Sasa mgeni aingie akutane na mtoto ana kamasi mpaka kidevuni? Atasema hawana mama.”

“Na wale wangu wa nyuma?”

Baba Ndama akacheka. “Wako nani anawaona?”

Yeyote aliyewahi kushika kijiti cha pamba anajua maana ya alichokiona Dada. Kinga yote iliyokuwa ikitafutwa ilikuwa kwenye yale makamasi, na yule mtu mwema alikuwa akiimwaga kwenye mtaro saa moja na nusu kabla ya Bi Sindano kufika na chupa zake. Kinachobaki puani kingekuwa maji. Dada alielewa pale pale. Alikusudia kusema. Alituapia kwamba alikusudia, na sisi tunamwamini. Alipanga kusema saa nne, kwenye chai.

Saa nne Bi Sindano alikuwa anasimulia jinsi dereva wa basi alivyobishana na mbuzi. Meza nzima ilikuwa imelala kwa kicheko. Dada alingoja amalize. Alipomaliza, mtu akamwomba arudie pale mbuzi aliposhika usukani. Akarudia. Dada akanywa chai yake, akaosha kikombe, akarudi zizi la nyuma. Zilibaki Jumanne tano. Hakusema hata moja.

Juni mafua yalipita tena, na ndama wa mazizi yote mawili hawakuugua. Chanjo ya puani ilikuwa imefanya kazi. Vijiti vya Dada vilionyesha kingamwili nyingi kwenye kamasi. Vijiti vya Bi Sindano havikuonyesha kitu. Ndama wake wazima, pua zao tupu: mkuu wa kituo aliona jibu moja tu, kwamba mchukuaji hakujua kuchukua. Akamwambia mbele ya wote, “Bi Sindano, mkono wako damu unaiweza. Pua imekushinda.” Bi Sindano alirudia kupima chupa zake zote, mara mbili, akiwa peke yake, mpaka jioni. Ripoti ilitoka Januari 1987. Sura ya nne, yenye kazi yake, iligongwa mhuri kwamba matokeo yake yasitumike. Nafasi moja ya kwenda kusoma nje ilikwenda kwa Dada, kuanzia Septemba 1987 hadi Julai 1989. Bi Sindano aliomba kuhamia chumba cha baridi cha kutunza chanjo. Akakaa humo, na koti zito na daftari la halijoto, mpaka alipostaafu.

Dada alirudi na shahada, akawa mkuu wa sehemu ya kinga, na wafugaji wakaanza kumwita Mama Pua. Hatutapunguza aliyoyafanya. Alifundisha mafundi wa maabara arobaini na watatu, wengine mmesimama hapa. Kijiji kwa kijiji aliwaonyesha wafugaji namna ya kuinua kichwa cha ndama na kudondosha chanjo bila kumtisha, na ndama wengi wameishi kwa ajili hiyo. Alistaafu tarehe 14 Machi 2018. Lakini wivu haukuisha kwa kushinda. Siku ya kwanza aliporudi kutoka masomoni, na suti mpya, aliingia kwenye chumba cha chai akakuta Bi Sindano ametoka kwenye baridi yake kupasha vidole kwenye kikombe. Alikuwa hasimulii. Alikuwa ameacha kusimulia. Meza ilikuwa kimya, watu wanakoroga sukari. Dada aliandika usiku huo barua fupi kuliko zote: “Sasa hakuna anayecheka. Nimekaa pale nikasubiri afurahishe watu, hakufurahisha.”

Hawakuachana, na hili ndilo watu wa nje hawalielewi. Waliendelea kuitana mwenzangu. Bi Sindano ndiye aliyemlea binti wa Dada wakati Dada yuko nje masomoni; binti yetu huyo alijifunza kusoma kwenye mapaja yake. Mdogo mtu alipokuwa akirudi kutoka safari zake na zawadi, alikuta Bi Sindano ameshakaa kwenye kiti alichozoea yeye, na Dada anamwambia, “Vuta kigoda, wewe mgeni.” Akavuta. Hakupenda, lakini akavuta.

Mwezi Agosti 2021 marehemu alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi. Madaktari wakagundua moyo wake umepanuka. Alitibiwa kwa subira, akalazwa mara nne, na kuanzia Oktoba 2022 alikuwa wa kitandani, katika chumba cha mbele, karibu na dirisha, na mashine ya hewa ikinguruma pembeni. Mume wake alikuwa akiifungua na kuifunga kila Jumapili, hata kama haikuwa na tatizo. Bi Sindano alikuja kila Jumatano. Jumatano tarehe 16 Novemba alikuwa anamenya papai, na mdogo mtu alikuwepo, amekaa kwenye kigoda chake.

“Mwenzangu,” Dada alisema, “wale ndama wa mbele walikuwa wanaoshwa pua.”

“Ndama gani tena?”

“Wa mwaka themanini na sita.”

Kisu kikasimama. “Nani aliwaosha?”

“Baba Ndama. Maji ya chumvi. Kila Jumanne kabla hujafika.”

“Alikwambia lini?”

“Hakuniambia. Nilimwona. Jumanne ya tatu.”

Bi Sindano alimalizia kumenya lile papai. Alilikata, akalipanga kwenye sahani, akaifuta meza, akaondoka bila kuaga. Jumatano iliyofuata hakuja. Dada alikataa kula papai, na alikataa litupwe.

Alikuja Ijumaa tarehe 25, akasimama mlangoni na mkoba begani.

“Kwa nini?”

“Wivu,” Dada akasema.

“Wivu wa nini? Mimi nilikuwa na nini? Viatu jozi moja na chumba kimoja!”

“Walikuwa wanacheka ukiongea.”

Bi Sindano alikaa chini. Alitazama vidole vyake. “Miaka thelathini na sita,” alisema, “nimekuwa nikiamini huu mkono una kasoro. Nikimwaga chumvi, nasema ni ule mkono. Nikivunja sahani, ule mkono. Nimeacha kuwachoma watu sindano, mtaa mzima wananiita, nakataa. Kumbe ni kitambaa.”

“Nisamehe, mwenzangu.”

“Usiniombe. Unaniomba chumbani, mlango umerudishwa, na huyu mdogo wako peke yake. Uliponyamaza, ulinyamaza kwenye meza ya watu kumi na moja. Katamke kwenye watu.”

“Na nikitamka?”

“Tamka kwanza.” Akavua mkoba, akaenda kuchota maji, akarudi na beseni, akaanza kumkanda miguu iliyovimba. Dada alitaka kusema kitu. “Nyamaza,” Bi Sindano alisema. “Sijasema nimekusamehe. Nimesema miguu imevimba.”

Aliendelea kuja kila Jumatano, na neno hilo halikuguswa tena. Dada aliomba kituo kimruhusu kufika kwenye chai. Mkurugenzi wa sasa alikubali, siku ikapangwa: Jumatano tarehe 15 Machi 2023, siku moja baada ya kutimiza miaka sitini na mitano. Mume wake alishapima mlango wa gari kuona kama mashine ya hewa itaingia. Dada alifanya mazoezi ya kusema. Tulimsikia kupitia ukutani akirudia, anakosa pumzi, anaanza upya. Mdogo wake alimwambia, “Dada, fupisha. Watu watakuelewa.” Akajibu, “Nimefupisha miaka thelathini na sita.”

Tarehe 2 Machi, kama aliyeona mbele, alimwita mdogo wake na kalamu, akamwambia aandike anayoyasema, asiongeze sukari. Kuna walioshauri katika familia kwamba haya yasisomwe leo, kwamba mtu husindikizwa kwa mema yake. Alikuwa ameshawajibu kabla hawajauliza: “Mema watayasema wenyewe wakati wa kutoka.” Marehemu alifariki nyumbani, Alhamisi tarehe 9 Machi 2023, saa tisa alasiri. Mume wake alikuwa amemshika mkono wa kulia. Mkono wa kushoto alikuwa ameushika Bi Sindano, ambaye siku ile haikuwa zamu yake.

Haya ndiyo maneno ya marehemu:

“Mimi nilikuwa mchunguzi wa pua za ndama katika kituo hiki. Kuanzia Jumanne tarehe 22 Aprili 1986 nilijua kwamba ndama wa zizi la mbele wanaoshwa pua kabla ya kuchukuliwa kamasi. Nilijua, nikanyamaza. Baba Ndama hana kosa, alifanya kwa upendo. Mkono wa Bi Sindano hauna kosa. Haukukosea hata Jumanne moja. Wazo la kutazama puani lilikuwa lake, alilisema kwenye chai, na mimi nilikuwepo. Mkiniita Mama Pua mnaniita kwa jina la mtu mwingine. Sikunyamaza kwa ajili ya safari wala cheo, vile vilikuja baadaye, nikavipokea. Nilinyamaza kwa wivu. Nilitaka siku moja tu aseme kitu, na watu wasicheke. Niliipata siku hiyo, nikapata na nyingine elfu baada yake, na sikufurahi hata moja. Siombi msamaha hapa, maana ameniambia nisiombe. Nimetamka.”

Hapo ndipo alipoishia. Mkurugenzi wa kituo, ambaye yuko hapa, amekabidhiwa barua yenye maneno hayo hayo na sahihi ya marehemu, na ameahidi kuiambatisha kwenye sura ya nne ya ripoti ya 1987, juu ya ule mhuri.

Marehemu ameacha mume, mtoto wa kike na mtoto wa kiume, mkwe mmoja na wajukuu watatu. Ameacha pia ndugu wawili. Wasifu huu ulipoandikwa mara ya kwanza ulisema ndugu mmoja, na aliyeuandika alijua anachokifanya. Dada aliusoma, akaomba kalamu. Kwa mpangilio wake yeye, wa kwanza ni Bi Sindano, aliyekuwa naye miaka arobaini na miwili. Wa pili ni mdogo wake, aliyekaa naye miaka kumi na sita, kisha akaondoka. Msomaji aliombwa asiubadilishe mpangilio huo. Ameusoma ulivyo.

Dada, umetamka, na watu wamesikia. Pumzika sasa kwa amani.